Shubiri Moja na Nusu Katika Nchi ya Udirishani

Katika nchi ya Udirishani hakuna mtu anayeomba kitu kwa mdomo. Ukitaka kitambaa, mlango, chumvi au maji, unakwenda kwenye Dirisha, unapanga tarakimu za kiasi unachotaka, unazisukuma ndani, kisha unakwenda zako kungoja. Wenyewe wanausifu sana utaratibu huu. Wanasema umeondoa kelele, umeondoa upendeleo, na umeondoa ile adha ya kutazamana usoni na karani. Hayo yote ni kweli, na Sikudhani wa Mzumbwe aliyaona kwa macho yake. Aliona na mengine ambayo wenyewe hawayasemi.

Sikudhani alikuwa msimamizi wa mifereji huko kwao Mzumbwe, nchi ya miteremko iliyo chini ya Udirishani. Mto wa kwao umezibwa huko juu kwa bwawa la Wadirishani, na kwa mapatano ya zamani Wamzumbwe wana haki ya kufunguliwa maji kila msimu wa kuhamisha miche ya vitunguu, mradi waombe kupitia Dirisha. Wanachohitaji ni maji yenye kina cha shubiri moja na nusu kwenye mfereji mkuu. Yakipungua hapo hayafiki kwenye vitalu. Yakizidi sana, vitalu vyenyewe havipo tena.

Mwaka uliotangulia aliyetumwa kuomba alikuwa shemeji yake Kihiyo, mume wa dada yake, mtu aliyeijua mifereji kama anavyoijua mistari ya kiganja chake. Kihiyo alikwenda, akaomba, akarudi. Siku chache baadaye maji yakashuka kwa kishindo, kina chake shubiri kumi na tano, yakazoa vitalu vyote na ukuta mmoja wa nyumba ya Kihiyo mwenyewe. Wamzumbwe walipopeleka malalamiko, Wadirishani walijibu kwa adabu sana kwamba ndivyo walivyoombwa. Kihiyo aliapa kuwa aliomba moja na nusu. Nani wa kumwamini? Wapo waliosema alikuwa amelewa, na wapo waliosema alitaka kulijaza bwawa lake la samaki. Akavuliwa usimamizi, akapewa Sikudhani, na tangu hapo kwenye harusi na misiba Kihiyo akawa mtu wa kukaa pembeni peke yake. Sikudhani hakumtetea.

Sasa mbegu iliyobaki Mzumbwe ilikuwa imeshapandwa yote kwenye vitalu vipya, na akiba haikuwapo. Miche ikikauka au ikizolewa mara hii, watu wangelazimika kuhama. Ndiyo maana Sikudhani alikwenda mwenyewe.

Alifikia kwa Bi Zawena, mjane anayepokea wageni.

"Karibu, mgeni wangu, karibu," sauti ilimwita kutoka ndani. "Inama tu. Inama zaidi. Lala kabisa, mwanangu, usione haya."

Mlango wa Bi Zawena uliishia magotini. Sikudhani aliingia kwa tumbo, mzigo wake akiusukuma mbele, akainuka akijipangusa vumbi. Kupitia dirishani aliona mlango wa jirani, ambao wenyewe ulikuwa mrefu kuliko nyumba mbili zikipandishwa moja juu ya nyingine. Walikuwa wameuegemeza ukutani na kuufunga kwa kamba, na upepo ukianza kuvuma mtaa mzima hutoka nje kwa usalama. Kisha akapita barabarani bwana mmoja mwenye kanzu isiyokwisha. Yeye alishafika kwenye kona, na nyuma yake watu wawili walikuwa bado wamebeba upindo wake mabegani.

"Nani yule?" aliuliza Sikudhani.

"Msemaji wa Baraza, Bwana Makungu." Bi Zawena alishusha sauti. "Aliomba kitambaa mikono mitatu na nusu, akaletewa thelathini na mitano. Mama yake alitoka huko huko kwenu miteremkoni, na kuhesabu alifundishwa na mama yake. Lakini usije ukasema nimekwambia. Ukimuuliza, atakwambia ndivyo alivyoomba."

"Na mlango wako, Bi Zawena?"

"Ndivyo nilivyoomba," alijibu upesi, akaenda kutazama chungu kisichokuwa na haja ya kutazamwa.

Sikudhani aligundua baadaye kwamba hiyo ndiyo salamu ya nchi nzima. Wadirishani hawaulizani hali. Mmoja husema, "Umepata?" na mwingine hujibu, "Ndivyo nilivyoomba," hata kama alitaka gunia la mchele akaletewa punje moja. Kwao mtu asiyejua kuomba ni duni kuliko mwizi, na kwa kuwa Dirisha halikosei, basi kila kilichokwenda kombo lazima kimekosewa na mwombaji. Upo ukoo ulioitwa Sifuri Saba. Dirisha liliona sifuri ya mbele haina kazi, likaitupa, nao wakaandikishwa katika ukoo wa Saba na kuanza kupalilia makaburi ya babu za watu wengine. Wanayapalilia mpaka leo, kwa bidii nzuri tu.

Kesho yake Sikudhani alijipanga kwenye mstari. Dirisha lenyewe lilikuwa tundu jembamba ukutani, na mbele yake ubao wa kupangia. Kando ya ubao palikuwa na vibao vya herufi na vya tarakimu, bakuli la vijiti na bakuli la shanga. Ubavuni palikuwa na gurudumu dogo, lililowekwa kwa ajili ya wavivu wa kupanga vibao: ukilizungusha, kiasi kinapanda au kinashuka chenyewe. Lilikuwa jepesi mno. Mtu akiligusa kwa kiwiko, au upindo wa khanga ukilipitia, kiasi chake kinabadilika bila yeye kujua.

Sikudhani alikaa mbali na gurudumu. Alipanga jina lake, nchi yake na kitu anachotaka, kisha akapanga kibao cha moja, akaweka kijiti, akapanga kibao cha tano. Huko kwao Mzumbwe kijiti ndicho kinachotenga kizima na kipande chake, kwa hiyo hiyo ni moja na nusu, na mtoto yeyote wa kwao angeisoma. Shanga kwao ni ya kupumzisha macho tu. Huwekwa kati ya maelfu na mamia ili msomaji asipotee. Udirishani mambo ni kinyume kabisa: shanga ndiyo inayotenga kizima na kipande, na kijiti ni pambo la katika maelfu. Hakuna aliyemwambia Sikudhani jambo hili, kwa sababu hakuna Mdirishani aliyewahi kufikiri kwamba duniani kuna watu wanaopanga namna nyingine.

Na kwa kuwa kijiti kwao ni pambo, mafundi waliojenga Dirisha walitia chekeche ndani ya tundu, ili vijiti vyote vidondoke na karani apokee tarakimu safi. Walijivunia sana chekeche hilo. Sikudhani aliposukuma ubao wake alisikia kitu kidogo kikianguka huko ndani, lakini hakukitilia maanani. Alirudi kwa Bi Zawena akaingia kwa tumbo, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi mpiga mbiu alipita akitangaza yaliyokubaliwa.

"Mzumbwe! Maji ya mfereji mkuu! Shubiri kumi na tano! Lango litafunguliwa siku ya gulio!"

Sikudhani aliketi palepale barabarani. Aliyaona yale maji ya mwaka jana yakishuka tena, mekundu, yamebeba miche na matandiko ya watu. Kisha akamkumbuka Kihiyo amesimama mbele ya mkutano, akiapa kwa jina la marehemu baba yake, na watu wakicheka. Basi shemeji yake hakuwa mwongo hata kidogo. Alisikia aibu na hofu kwa pamoja, na hofu ndiyo iliyomwinua, kwa maana siku ya gulio haikuwa mbali.

Alirudi mbio kwenye Dirisha. Alipanga upya, mara hii akikifunga kijiti kwa uzi kwenye kibao cha moja. Chekeche likakwama, na Dirisha likatoa ubao ulioandikwa SI SAHIHI. Halikusema nini si sahihi. Likamwaga chini vibao vyote, pamoja na jina lake na jina la nchi yake aliyokuwa amekwisha kuyapanga, ikabidi aokote kila kitu na kuanza mwanzo. Akaweka vijiti viwili. SI SAHIHI. Akaacha nafasi tupu kati ya moja na tano. Hilo halikumwagwa, bali Dirisha liliziba nafasi na kumshukuru kwa kuthibitisha kumi na tano.

"Labda umeomba vibaya, dada," alisema mtu wa nyuma yake kwenye mstari, kwa huruma ya kweli.

"Nimeomba vizuri. Wanasoma vibaya."

Mstari mzima ukamgeukia. Mama mmoja akawaziba wanawe masikio.

Baada ya hapo Sikudhani alikwenda Barazani, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba Baraza lilimpokea siku ileile na kumsikiliza mpaka mwisho. Bwana Makungu aliketi kwenye kiti cha Msemaji, kanzu yake imekunjwa nyuma yake rundo kubwa kama godoro. Sikudhani alieleza mambo yote: vitalu, miche, mafuriko ya mwaka jana, kijiti. Wajumbe walitikisa vichwa kwa masikitiko, kisha wakaanza kujadili.

Bwana Shomvi, mjumbe wa siku nyingi, alisema dawa ni kibao cha tangazo kinachosema TUMIA SHANGA TU. Pendekezo likapita kwa furaha. Mabishano yakawa kitundikwe wapi, na ikaamuliwa kitundikwe ndani ya Dirisha, kwa karani, ambako hakitanyeshewa.

Bi Hidaya, aliyekuwa na sifa ya kutazama mambo kwa upana, alisema tangazo ni ushamba. "Dirisha limtambue mtu lenyewe. Litazame viatu vyake. Mwenye viatu vya miteremkoni, kijiti chake kiachwe kipite."

"Mimi mke wangu anavaa viatu vya miteremkoni," alisema mjumbe mmoja, "na amezaliwa hapa nyuma ya soko. Akiomba unga?"

"Basi litazame lugha."

"Lugha ya miteremkoni tunaisema nusu ya hapa ndani, Bi Hidaya. Hata wewe ukikasirika."

Bwana Shomvi akapendekeza kwamba Dirisha likubali vyote, kijiti na shanga, halafu lipime lenyewe lipi linaleta maana. Mtu akauliza: ikija moja, kijiti, na tano sifuri sifuri, hiyo ni moja na nusu au elfu moja na mia tano? Nusu ya Baraza wakasema hili, nusu wakasema lile, kila upande ukishangaa jinsi upande wa pili ulivyosomeshwa. Walitupiana maneno mpaka chai ikaja.

"Waheshimiwa," alisema Sikudhani, "kwa nini msimuulize mwombaji?"

Baraza likacheka, lakini bila ubaya.

"Tumuulize?" alisema Bwana Shomvi akijifuta machozi ya kicheko. "Tukianza kuuliza, heshima ya Dirisha itakuwa wapi? Watu watadhani halijui."

Sikudhani akamgeukia Msemaji. "Mheshimiwa, na kanzu hii uliiomba hivi?"

Kicheko kikakatika. Wale wabeba upindo wawili wakatazama dari. Bwana Makungu alikaza mkono kwenye kitambaa kilichokuwa magotini pake, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Ndivyo nilivyoomba," alisema. Kisha akaunda kamati ya kuchunguza, itakayotoa maoni yake baada ya mavuno.

Siku ya gulio Sikudhani alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Hakugusa kibao, hakugusa kijiti. Alipiga moyo konde, akaingiza mkono wake mzima ndani ya tundu, akalisukuma chekeche kando.

"Wee!" sauti ilimaka huko ndani. "Toa mkono! Mkono si tarakimu!"

"Sitoi, kaka. Lango linafunguliwa leo. Utazame."

Alitandaza kidole gumba na cha mwisho juu ya ubao wa ndani asiouona, akapima shubiri moja. Kisha akausogeza mkono na kupima nusu yake. Akarudia tena, polepole. Nyuma yake mstari ulikuwa umetawanyika kwa woga.

"Shubiri moja na nusu?" iliuliza ile sauti.

Hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kusikia Dirisha likiuliza. Sikudhani alitaka kulia, akajizuia.

"Ndiyo, kaka. Moja na nusu."

"Si kumi na tano?"

"Si kumi na tano. Kumi na tano itatuua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Niliweka kijiti. Kiko wapi kijiti changu?"

Kukasikika mtu akipekua. "Vijiti viko hapa chini vingi," alisema karani, ambaye jina lake lilikuwa Mbaruku. "Vinanifika magotini. Mimi huvichemshia chai."

"Hukuwahi kujiuliza watu wanavitia vya nini?"

"Nilidhani wanapenda tu," alisema Mbaruku kwa unyonge. Akapanga moja, shanga, tano, akapiga kengele, na ubao ukapelekwa kwa mlinzi wa lango.

Askari walimkuta Sikudhani bado mkono umo tunduni, wakampeleka Barazani, na Mbaruku wakamtoa kwa mlango wa nyuma ambao mji ulikuwa umesahau kuwa upo. Mashtaka yalisomwa. Ikaonekana hakuna sheria inayokataza mkono, maana hakuna aliyewahi kuufikiria. Bwana Shomvi akataka sheria itungwe papo hapo na ihesabiwe kuwa ilianza jana.

Bwana Makungu akamwita karani mbele. "Ulifanya nini hasa?"

"Nilimrudia nilichoelewa, Mheshimiwa, kabla ya kukipeleka. Yeye akasema ndiyo."

"Basi?"

"Basi, Mheshimiwa. Hakuna kingine."

Msemaji aliwatazama wale watu wawili waliosimama nyuma yake, mmoja akiwa amebadilisha bega kwa uchovu.

"Na kama mtu angeomba kitambaa," alisema taratibu, "mikono mitatu, kijiti, na tano. Ungemrudia hivyohivyo?"

"Ningemuuliza kama ni thelathini na mitano, Mheshimiwa. Naye angesema la."

"Angesema la," alirudia Bwana Makungu.

Siku ileile ikatangazwa kwamba tangu sasa Dirisha litamwambia mwombaji lilichoelewa, kwa maneno kamili, kabla ya kutenda lolote, na mwombaji atasema ndiyo au la. Baraza lilieleza kwamba ndivyo ilivyokusudiwa tangu zamani, likajipongeza. Kamati haikuvunjwa. Kanzu nayo haikukatwa, kwa sababu kuikata kungekuwa kukiri.

Bi Zawena alimsindikiza mgeni wake mpaka mwisho wa mji. Walipokuwa wameachana hatua kadhaa alimkimbilia akamshika mkono.

"Sikuuomba vile, mwanangu," alisema kwa mnong'ono. "Ule mlango. Khanga yangu iligusa gurudumu. Mume wangu alipofariki ilibidi jeneza litolewe kwa dirishani, na watu wakanipa pole na kuniuliza, umepata? Nikawajibu." Alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Nilitaka mtu mmoja ajue."

Sikudhani alipofika Mzumbwe, maji yakiwa bado yako njiani, aliwakuta watu wamepanda kilimani na mizigo yao, vyungu na kuku na wazee, wanangoja kuona. Walikuwa wamejifunza mwaka jana. Kihiyo peke yake alikuwa chini, ameketi kwenye kile kipande cha ukuta kilichobaki nyumbani kwake, kama mtu asiyejali tena maji yatamkuta wapi.

Maji yalikuja bila kishindo. Yaliingia kwenye mfereji mkuu yakisukuma majani makavu mbele yake, yakapanda taratibu, yakafika mahali yakatulia. Kule kilimani hakuna aliyethubutu kushangilia. Sikudhani alikwenda mpaka kwenye ule ukuta.

"Shemeji," alisema, "njoo upime."

"Msimamizi ni wewe."

"Nakuomba, shemeji. Mbele yao wote. Mwaka jana nilikuwa nimekaa katikati yao, sikufungua mdomo."

Kihiyo akainuka. Alikunja suruali, akaingia mferejini, akazamisha mkono mpaka ukagusa chini. Alipima shubiri moja kutoka chini kwenda juu, akausogeza mkono, akapima tena. Uso wa maji uliishia sawasawa katikati ya shubiri ya pili. Watu walikuwa wameanza kushuka kilimani mmoja mmoja, na waliofika walisimama ukingoni.

Kihiyo aliutoa mkono, akaukung'uta maji, akawatazama.

"Moja na nusu," alisema. "Ndivyo nilivyoomba."